Mandolini ya Zamani: Kuikagua, Kuinunua na Kuamua Kama Inabaki Nyumbani

Bei unayoiona kwenye tangazo ni sehemu tu ya bei ya mandolini. Jumlisha usafiri, ushuru na kazi ya fundi, na kwa ala yenye umri wa miaka 100 kazi ya fundi inaweza kuzidi hizo nyingine zote. Kwa hiyo fikiria kuiuza kabla hujainunua. Swali la kujiuliza kila unapoiangalia picha ni hili: nikiitengeneza mpaka ichezeke vizuri, kisha nisiipende, nitarudishiwa fedha zangu?

Ipi ya kutafuta

Mandolini za zamani zilizojaa sokoni zina asili mbili. Kuna ile ya Napoli, yenye mgongo uliobenuka kama nusu ya boga, ulioungwa kwa vipande vyembamba vya mbao. Marekani nako zilitengenezwa za aina hiyo kwa wingi mno mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Chicago, ambako Lyon & Healy walizitoa kwa chapa ya Washburn. Ya pili ni ya Gibson wa Kalamazoo, Michigan. Orville Gibson alipata hataza yake mwaka 1898, kampuni ikaundwa 1902, na wazo lake lilikuwa kuchonga uso na mgongo kutoka kwenye ubao mzito, kama ifanywavyo fidla, badala ya kuupinda ubao mwembamba.

Ile ya Napoli, yenye tumbo, inavutia macho na bei yake ni ndogo: nyingi hupatikana kwa chini ya dola 300. Tatizo ni kwamba shingo yake ikishapinda au uso ukishabonyea, kuitengeneza kunagharimu kuliko thamani yake, na ikishatengenezwa bado ni mandolini ya dola 300. Inunue tu kama imeshatengenezwa na fundi anayejulikana, au kama unataka pambo la ukutani. Ukiinunua uipige, usiifunge nyuzi nzito. Nyuzi nyembamba kabisa, zinazoanzia inchi 0.009, ndizo zinazoifaa. Nyuzi za kawaida za dukani zimeua nyingi.

Anayetaka ala ya kupiga atafute Gibson ya umbo la A, la tone la maji, yenye tundu la sauti la umbo la yai, ya miaka ya 1910 na 1920. Zilitengenezwa nyingi, zina nguvu, na soko lake halitetereki sana. A za kawaida zilizo katika hali nzuri mara nyingi huuzwa kati ya dola 1,000 na 2,500. Ndani ya familia hiyo kuna A tupu, A-1, A-2, A-3 yenye uso mweupe, A-4, na A Junior isiyo na urembo wowote. Tofauti kubwa kati yao ni ukingo, rangi na nakshi. Mbao na uchongaji ni karibu vilevile. Kama unanunua kwa ajili ya sauti, usilipie urembo. A tupu iliyotunzwa vizuri itaishinda A-4 iliyochakaa, tena kwa nusu ya bei.

F-5, mandolini nyingine ya Gibson, ya wakati wa mhandisi wao wa sauti Lloyd Loar, ya 1922 hadi 1924, ni soko jingine kabisa: bei yake inapita dola 100,000, na hakuna anayeiuza hiyo kwa bahati mbaya kwenye mnada wa mtandaoni. Zile halisi zina lebo ya pili yenye sahihi ya Loar na tarehe. Ile aliyoipiga Bill Monroe, baba wa muziki wa blugrasi wa Marekani, ilitiwa sahihi tarehe 9 Julai 1923. Ukiona tangazo la "Loar" ya dola 4,000, pita zako.

Picha za kumwomba muuzaji

Usikubali picha tatu za mbele tu. Omba hizi: ubavu mzima kuanzia kichwa hadi mkia, kamera ikiwa usawa wa uso, shingo ikitazamwa kutoka kichwani kuelekea daraja (kibao kinachobeba nyuzi juu ya uso), daraja kwa karibu, kutokea pembeni, nyuma ya kichwa, lebo ya ndani kupitia tundu, na maungio ya mgongo na mbavu kuzunguka pote. Mwambie pia apime kwa rula umbali kati ya uzi na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), nyuzi zikiwa zimekazwa hadi sauti yake kamili. Sharti hilo la mwisho msisitizie, maana mandolini iliyolegezwa nyuzi haionyeshi ugonjwa wowote.

Namba ya mfululizo huwa kwenye lebo. Ndani kabisa, kwenye gogo linaloshika shingo, huwa kuna namba nyingine ya oda ya kiwandani, iliyopigwa mhuri. Zikipishana kidogo ni kawaida. Zikipishana kwa miaka mingi, lebo imehamishwa. Kuna njia nyingine ya kukisia umri: Gibson walianza kuweka fimbo ya chuma ndani ya shingo mnamo 1922, na utaijua kwa kifuniko kidogo chenye umbo la kengele kichwani, juu kidogo ya pale nyuzi zinapoingia shingoni. Muda mfupi baadaye kichwa cha A kikapunguzwa upana kwa juu, kikaitwa kichwa cha nyoka. Hicho kinaongeza bei, na kuna sababu ya kweli: nyuzi zinapita karibu na mstari mnyoofu kwenda kwenye funguo za kukazia, kwa hiyo hazikwami unapozikaza.

Shingo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pima mambo mawili, na usiyachanganye.

La kwanza ni unyoofu. Bonyeza uzi wa G, ule mnene kabisa, kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya mwisho iliyo kabla ya mwili, kisha tazama uwazi uliobaki katikati, karibu na freti ya 5 hadi ya 7. Ukiwa unatosha kupitisha karatasi moja au mbili za daftari, sawa. Ukipitisha kadi ya benki, shingo imepinda. Kwenye mandolini yenye fimbo ya chuma, fundi huirekebisha kwa robo mzunguko wa nati, nyuzi zikiwa zimelegezwa. Usiilazimishe mwenyewe, nati iliyokwama kwa miaka 100 hukatika, na hiyo ni kazi ya kuvua ubao wa vidole. Kwenye mandolini za kabla ya 1922 hakuna nati wala fimbo. Dawa yake ni kung'oa freti, kuuparuza ubao wa vidole ulingane, na kupiga freti mpya. Hesabu dola 300 hadi 500 kwa fundi wa Marekani.

La pili ni pembe ya shingo na mwili. Shingo inaweza kuwa imenyooka kabisa lakini imevutwa mbele na nyuzi kwa miaka mingi. Dalili yake ni daraja. Kimo kizuri cha nyuzi kwenye freti ya 12 ni milimita 1.5 hadi 2. Kikiwa 3 au zaidi, tazama daraja: kama bado lina nafasi ya kushushwa, umepona. Kama limeshushwa hadi chini, au limesagwa likabaki jembamba, na nyuzi bado ziko juu, basi shingo inahitaji kuvuliwa na kuunganishwa upya. Mandolini hizi ziliungwa kwa gundi ya ngozi, kwa hiyo inawezekana, lakini ni kazi ya dola 500 kwenda juu na si kila fundi wa gitaa anaiweza.

Unene wa shingo si kasoro. Shingo za miaka ya 1910 ni nene, na mwenye vidole vifupi atazichoka haraka. Hakuna fundi mwaminifu atakayeichonga ipungue, kwa sababu kufanya hivyo kunaua thamani. Kama unaweza, shika moja kabla ya kuagiza.

Uso

Uso wa Gibson umechongwa ukiwa na mwinuko. Weka rula kwa upana wake, nyuma kidogo ya daraja: inapaswa kugusa katikati na kuacha uwazi pande zote mbili. Ikigusa kingo na kuacha uwazi katikati, uso umezama. Kuzama kidogo hutokea, na mandolini nyingi zimekaa hivyo miaka 50 bila kuendelea. Ukiona daraja limesimama wima, miguu yake imegusa uso wote, na hakuna ufa mpya, unaweza kuishi nalo. Kuzama kunakoendelea ndiko kwa kukimbia.

Chanzo chake mara nyingi ni taruma la ndani, ule mti mwembamba uliogandishwa chini ya uso kuuimarisha. Mandolini za tundu la yai zina taruma moja tu linalokatiza uso karibu na tundu, na gundi yake ikiachia, mzigo wote unabaki kwa ubao peke yake. Seti ya nyuzi za wastani inavuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi, na sehemu ya nguvu hiyo hukandamiza daraja kwenda chini. Ingiza kioo cha daktari wa meno kupitia tundu, mulika kwa tochi, kisha gonga uso kwa ncha ya kidole kuanzia tundu kuelekea daraja. Sauti ikiwa kavu na moja, vema. Ikiwa inatatarika, kama kitu kinagusana na kingine, taruma limeachia. Habari njema ni kwamba kuligandisha upya ni kazi ndogo, uso ukiwa bado haujazama. Likichelewa, si ndogo tena.

Nyufa zisikutishe zote. Ufa uliozibwa, ukawekewa viraka vidogo vya mbao kwa ndani, umekwisha habari yake. Punguza bei tu. Ufa ulio wazi unaopita chini ya mguu wa daraja ni kesi nyingine. Kuachana kwa mgongo na mbavu pale chini, karibu na mkia, ni jambo la kila siku: pitisha kipande cha karatasi kuzunguka pote, palipoingia pana kazi ya gundi ya saa moja.

Mambo madogo yanayodanganya

Vanishi iliyopakwa upya ndiyo kasoro ghali kuliko zote, ilhali ndiyo inayopendeza zaidi kwenye picha. Kanuni ya soko ni kwamba kupaka upya kunakata thamani karibu nusu. Mandolini ya 1917 isiyo na mkwaruzo hata mmoja, inayong'aa hadi ndani ya kona za kichwa, ulizia vanishi yake.

Kikinga risha, kile kibao kinachoning'inia juu ya uso kuukinga na risha ya kupigia nyuzi, kilitengenezwa kwa seluloidi. Seluloidi ya zamani huoza, na inapooza hutoa mvuke wenye asidi. Dalili ni nyuzi na freti kuota kutu ya kijani sehemu ileile kilipo kikinga, na ukingo kumeguka. Kivue, kiweke kwenye bahasha ya karatasi nje ya kasha, lakini usikitupe. Mnunuzi wako atakiulizia.

Funguo zikigoma, tone moja la mafuta ya cherehani na subira ya usiku mmoja huzifungua nyingi. Usikimbilie kuagiza mpya: kwenye funguo za wakati ule gia zimepangwa kinyume na nyingi za kisasa, na tundu za bamba zinaweza zisilingane. Kutoboa tundu mpya kichwani ni kuipunguzia bei kwa mkono wako mwenyewe.

Tahadhari kwa anayevusha mpaka. Mandolini za Napoli mara nyingi zina bamba la gamba la ng'amba karibu na tundu, na mbavu za mrozwudi wa Brazili. Vyote viwili viko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na bila kibali ala inaweza kushikiliwa forodhani. Usichome gamba kwa sindano ya moto kulijaribu kama wanavyoshauri wengine. Likiwa seluloidi litashika moto. Gibson A za kawaida hazina shida hiyo, kwani mbao zake ni sprusi, mepo au bechi, na mpingo. Kwa ushuru, ala za nyuzi ziko kwenye kifungu cha 9202 cha orodha ya kimataifa ya forodha, ilhali vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 viko 9706, na viwango vyake hutofautiana nchi hadi nchi. Mandolini ya 1919 sasa imeuvuka mstari huo. Muulize wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka, na umwombe muuzaji aandike mwaka wa kutengenezwa kwenye ankara.

Ikifika

Acha kasha limefungwa saa 24 ndani ya chumba itakapokaa. Mbao iliyotoka kwenye ndege ya mizigo ikifunguliwa ghafla kwenye joto, vanishi hupasuka. Baada ya hapo piga picha kila upande, kabla ya kugusa chochote. Wauzaji wengi wa Marekani hutoa saa 24 hadi 48 za kukagua na kurudisha, kwa hiyo rudia vipimo vyote vya shingo na uso siku hiyohiyo.

Badilisha nyuzi jozi moja moja, usizivue zote nane, maana daraja halikugandishwa. Linashikiliwa na nyuzi tu. Weka nyuzi nyepesi: inchi 0.010 kwa E, 0.014 kwa A, 0.024 kwa D, 0.034 kwa G. Ukishakaza, piga uzi wa E ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya 12. Sauti ya juu ikiwa kali kupita oktavu kamili, sogeza daraja nyuma kidogo kuelekea mkia. Ikiwa chini, lilete mbele. Fanya hivyo kwa G pia, na utaona daraja limekaa mshazari kidogo. Kama E, D na G ziko sawa lakini A haikubali kamwe, si masikio yako. Madaraja ya kwanza ya Gibson yalikatwa kwa ajili ya uzi wa A uliovingirishwa waya, ambao leo haufungwi. Tengenezesha daraja jipya la mpingo, la zamani lihifadhi.

Andika kwenye karatasi kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, tarehe, na unyevu wa chumba. Pima tena kila wiki kwa mwezi mzima. Kimo kikipanda nusu milimita huku hali ya hewa haijabadilika, uso au shingo inaenda. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua mengi.

Inabaki au inaondoka

Kwanza muziki wako. Tundu la yai linatoa sauti nene, tamu, inayokaa muda mrefu. Inapendeza kwenye kutetemesha risha na kwenye wimbo wa polepole. Anayetaka mkato mkavu wa blugrasi hatapata hapa, hata akibadilisha nyuzi na risha mara kumi. F-5 ilitengenezwa tofauti, ikiwa na tundu za umbo la herufi f, mataruma mawili ya kwenda urefu, na shingo iliyosogezwa nje. Mpiga taarabu naye ajue kwamba mandolini imekazwa kama fidla, G, D, A, E, lakini freti hazimpi robo sauti za maqamu kama udi unavyompa. Itamfaa kwenye nyimbo zinazokaa kwenye toni na nusu toni.

Kisha hesabu. Tuseme A-2 imenunuliwa dola 900, usafiri 150, freti 400, taruma 150: jumla 1,600. Kama zilizo katika hali hiyo zinauzwa 1,500, basi dola 100 ndiyo ada ya kuipiga, na si mbaya. Kama jumla ni 2,300 kwa ala ya 1,500, ipige mpaka ichakae, kwa sababu ukiiuza hasara ni yako yote. Linganisha na bei zilizolipwa kweli, si bei zilizoombwa. Matangazo yaliyokaa mwaka mzima yanakuonyesha tu bei ambayo watu wameikataa.

Na kuna mazingira. Pwani, unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam unalegeza gundi ya ngozi na kuozesha nyuzi. Weka pakiti za silika ndani ya kasha na kipima unyevu, ukilenga asilimia 45 hadi 55. Ulaya na Amerika Kaskazini shida ni majira ya baridi, pale hita inapokausha chumba hadi chini ya asilimia 35 na uso kupasuka. Ghuba ina yote mawili, nje joto na ndani kiyoyozi. Popote ulipo, usiiache ndani ya gari juani: gundi ya ngozi ikishapata nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi huanza kulainika, na shingo inasogea bila kuaga. Asiyeweza kuitunza hivyo auze mapema, ingali nzima.

Ukiamua kuiuza, toa vipimo ambavyo wewe ulivihitaji, na utaje kila kiraka. Weka kwenye kasha daraja la zamani, kikinga kwenye bahasha yake, na skrubu zote. Legeza nyuzi toni mbili, si zaidi, ili daraja lisianguke. Ingiza kitambaa laini chini ya kibati cha mkia na pande zote za daraja, jaza nafasi iliyo chini ya kichwa ili kisining'inie, kisha tia kasha ndani ya boksi lenye angalau sentimita 5 za kujazia kila upande.